Barua pepe “imekataa” au “imekataliwa”?

SWALI: Nasimamia seva ya barua pepe ya ofisi yetu, inatumia Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua pepe). Mwenzangu kaandika kwenye ripoti: “Barua pepe za mhasibu zimekataa kuingia, mpokeaji alikataa.” Bosi akauliza kama mhasibu amegoma. Tuandikeje?

JIBU: Bosi amesoma sawasawa. Gari likikataa kuwaka au mlango ukikataa kufunguka, hakuna anayefikiria nia. Ni chombo tu hakifanyi kazi. Kwa hiyo “zimekataa kuingia” ni Kiswahili safi, ingawa hakimwambii fundi chochote. Lakini mtendaji akishakuwa mtu, kukataa kunarudi na nia yake: “mpokeaji alikataa” maana yake aliletewa, akasema sitaki.

Aliyekataa ni seva, na alichokikataa si barua. Seva ya mtumaji ikibisha hodi poti 25 (mlango wa mtandao wa kupokelea barua pepe), humtaja mtumaji, kisha humtaja kila mpokeaji kwa amri ya RCPT TO. Jibu la 550, yaani nambari ya kukataa moja kwa moja, hutolewa papo hapo, kabla hata mstari mmoja wa barua yenyewe haujapokelewa. Basi andika “anwani ya mhasibu imekataliwa” au “seva imeikataa anwani ya mhasibu”. “Mpokeaji amekataliwa” haina kosa la sarufi, ila masikioni mwa wengi huyo ni mtu aliyepeleka posa. Na seva ni “imekataa”, si “amekataa”, hata kama inawasumbua kama mtu.

Kwa mtumaji, tukio hilohilo huitwa “barua imerudi”, maana seva yake ndiyo inayomletea taarifa. Ripoti ya upande wenu isiseme “imerudi”. Kwenu haikuwahi kufika.

Jibu likianza na 4, mfano 450, usiseme imekataliwa hata kidogo. Hiyo imeahirishwa: inabaki kwenye foleni ya mtumaji na kujaribiwa tena. Foleni ya Postfix, isipobadilishwa, huishikilia hadi siku 5. Ukiandika “imekataliwa”, fundi atahangaika na orodha ya majina ilhali jina limo.

Baada ya kitenzi, taja sababu kama logi (kumbukumbu za seva) inavyoitaja, kwa sababu kila moja ina dawa yake. “Relay access denied” yenye 554: seva haikitambui kikoa (sehemu ya anwani baada ya @) kuwa chake, au mtu wenu anatuma nje bila kuingia kwa nywila. “User unknown in virtual mailbox table”: kikoa kinajulikana, jina halijulikani. Endesha postmap -q mhasibu@example.com hash:/etc/postfix/vmailbox (weka njia ya faili lenu). Isipotoa kitu, ama jina halijaandikwa, ama faili lilihaririwa na postmap, amri inayoligeuza kuwa jedwali ambalo Postfix husoma, haikuendeshwa tena. Hili la pili ndilo husahaulika.

“User unknown in local recipient table” ndiyo inayopoteza muda. Mara nyingi kikoa kimeachwa kwenye mydestination (orodha ya vikoa vya watumiaji wa mashine yenyewe), wakati wapokeaji wake wameorodheshwa kwenye faili la virtual, kama vmailbox hapo juu. Postfix inamtafuta mhasibu miongoni mwa watumiaji wa Linux na haimpati. Kiondoe kikoa mydestination, kibaki kwenye virtual_mailbox_domains peke yake, kisha postfix reload.

Ripoti basi isomeke: “Anwani ya mhasibu ilikataliwa na seva yetu kwa 550, kikoa kilikuwa kimeandikwa pawili.”