Sabuni za Dubai: msiandike zote nambari moja

Dada, nimekuelewa: unaagiza toka Dubai miche ya kuogea, sabuni ya maji ya mikono na sabuni ya unga, na wakala wa forodha anataka kuziandika zote 3401.11, nambari ya forodha inayotaja aina ya bidhaa, ili kazi iishe upesi. Usikubali.

Miche ya kuogea, hata yenye dawa, ndiyo 3401.11. Miche ya kufulia ni 3401.19. Sabuni ya maji ya kunawia, ikiwa kwenye chupa za rejareja, huenda 3401.30.

Unga ndio wenye kesi. Sisi kwa Kiswahili twaita yote sabuni, lakini forodha huangalia kilichomo. Unga mwingi wa kufulia si sabuni halisi ya mafuta na magadi, ni kemikali za kusafishia, nao husomwa 3402. Kwa hivyo mwombe muuzaji karatasi ya viambato kabla hajapakia. Mimi niliidai karatasi hiyo kontena ikiwa tayari bandarini Kilindini, Mombasa. Gharama za kuilaza pale zilinila faida yote.

Cheti cha ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, nacho kitafutwe kabla ya meli kung'oa nanga.

Ukibaki na shaka, iandikie KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, kuomba uamuzi wa awali wa uainishaji, yaani ikuambie mapema nambari ipi ndiyo sahihi, uambatishe viambato na picha za pakiti. Wakala akikwambia "tutaongea na watu", tafuta mwingine mwenye leseni. Tamko la forodha likiwa la uongo, jina lililoko kwenye karatasi ni lako wewe mwagizaji.