Mshipi niliuona, na bado nilikimbia

Wiki hii mmeuliza kwa nini watu wazima bado tunapenda filamu za kutisha za bei chee, zile ambazo jini kapakwa unga usoni na damu yake ni nyanya ya kopo. Ya watu wazima siyajui sana. Nitawajibia waliokuwa wanakaa benchi la mbele.

Mwaka 2005, banda umiza, kibanda cha kuonyeshea video, jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kiingilio cha watoto shilingi hamsini, televisheni moja ya chogo, madirisha yamezibwa kwa viroba vilivyobebea dagaa, kwa hiyo harufu mnaijua. Filamu ya Kibongo. Mchawi anapaa na ungo usiku. Hajafika hata juu ya paa, mvuvi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mshipi huo! Mshipi wa sangara!" Kweli, uzi wa kuvulia ulikuwa unameta kwenye mwanga na ungo unayumba. Mwingine akakataa, akasema ule ni uzi wa kushonea nyavu. Ubishi ukawa mkubwa hadi mwenye banda akarudisha mkanda nyuma ili waamue. Mchawi akapaa mara tatu. Wa mshipi wakashinda, tena kulikuwa na soda iliyowekwa dau.

Utamu wenyewe ndio huo. Filamu ya mamilioni utabishana nayo nini?

Nikatoka nacheka. Nje alikuwepo bibi aliyekuwa anatukaangia mapanki, yale mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu, kainama anapuliza kuni. Akainua uso kunisalimia. Macho mekundu, kama ya yule wa kwenye ungo. Nilikimbia na hela yangu mkononi, wenzangu nao nyuma yangu. Kufika kesho yake tulishampa jina: Bibi Ungo.

Usukumani hakuna asiyejua jina la namna hiyo linaweza kumfikisha wapi mtu. Bibi zetu wameuawa wakidhaniwa wachawi, kisa macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema filamu hizi hazina neno, ni kicheko tu. Sasa nasita. Tuhuma za macho mekundu zilikuwepo kabla ya video, na habari za Gamboshi, kijiji kinachovumishwa kwa uchawi, husimuliwa hata na asiyewahi kumiliki redio, kwa hiyo nisiwatwishe waigizaji mzigo wote. Ila yule mtengenezaji alikosa hela ya kila kitu, ya rangi nyekundu ya macho akaipata.

Basi andikeni kwamba nazipenda. Jini apakwe unga, jeneza litembee, wanangu waangalie tu. Zenye bibi kizee hapana. (Najua, ni karibu zote.)

Kwa yule bibi nilikaa wiki nzima bila kwenda, mpaka hamu ya mapanki ikanirudisha. Akaniuliza, "Ulipotelea wapi, mjukuu wangu?" Nikamwambia nilikuwa naumwa. Akaniongezea kipande.

Msomaji, Nyamanoro, Mwanza