Bei ya picha za majengo ianzie kwenye matumizi

Ukianza kupiga picha za majengo kwa kujitegemea, swali la kwanza la mteja huwa hili: "Kwa siku unatoza kiasi gani?" Nakushauri usitaje namba hapo hapo. Muulize kwanza anataka picha ngapi, atazitumia wapi, kwa muda gani, na ni nani mwingine aliyeshiriki mradi huo atakayezihitaji. Bei yako inatoka kwenye majibu hayo.

Siku ni kipimo kibaya kwa kazi yetu. Chukua picha ya jioni. Jua likishazama, kuna kipindi kifupi, mara nyingi hakifiki nusu saa, ambapo bluu ya anga na mwanga wa taa za ndani vinalingana. Hapo unapata picha moja, pengine mbili. Lakini kabla ya hapo umeshapitia kila ghorofa kuwasha taa, umenyoosha viti, umeficha nyaya, umetafuta mtu wa kubadilisha bulbu moja nyeupe iliyokaa katikati ya safu ya zile za njano. Ukirudi mezani unaunganisha fremu zenye mwangaza tofauti ili dirisha lisiungue kwa mwanga mkali na kona isimezwe na giza. Mimi picha ya namna hiyo hunichukua saa mbili au zaidi kuihariri. Ukitoza siku ya kupiga peke yake, kazi yote ya mezani umeitoa sadaka.

Kwa hiyo natoza ada ya msingi inayobeba maandalizi, ziara ya kukagua jengo na upigaji wenyewe, kisha bei kwa kila picha iliyokamilika. Usafiri, msaidizi, droni na kukodi lenzi ya kunyoosha mistari naviandika mbali kwenye ankara, mteja aone kila kitu kimekwenda wapi.

Kiwango cha chini usikibahatishe. Jumlisha gharama zako za mwaka: vifaa na uchakavu wake, programu, bima, kodi, pamoja na mshahara wako mwenyewe, ambao wengi huusahau. Gawa kwa idadi ya miradi unayoweza kuifanya kweli, ukikumbuka siku za mvua na majengo yanayochelewa kukamilika. Chini ya hapo unafanya kazi kwa hasara, hata kama kalenda imejaa.

Sasa leseni, na hapa ndipo naona wenzangu wengi wakipoteza fedha. Katika nchi zinazofuata Mkataba wa Berne wa 1886, ambazo ni nyingi mno, hakimiliki huanza picha inapopigwa, bila kusajili popote. Nani anaimiliki kazi iliyoagizwa na mteja, hilo hutegemea sheria ya nchi na mkataba, basi liandike waziwazi: hakimiliki inabaki kwako, mteja ananunua ruhusa ya kutumia. Tovuti yake na maombi ya tuzo ni matumizi ya aina moja. Tangazo la kulipia ni jingine, na lina bei yake. Julius Shulman, mpiga picha za majengo wa Marekani, aliipiga picha nyumba ya Stahl, Los Angeles, mwaka 1960, na hadi leo watu bado wanaichapisha. Thamani ya namna hiyo huwezi kuipima kwa saa za jioni moja.

Jengo moja lina wanufaika wengi: msanifu, mkandarasi, mbunifu wa ndani, aliyetengeneza madirisha. Waalike wote kabla ya siku ya kazi. Tuseme leseni ya mmoja ni 100, na kila anayeongezeka anaongeza 30. Wakiwa wanne jumla ni 190, kila mmoja analipa 47.5. Wao wamelipa chini ya nusu, wewe umekaribia mara mbili kwa kazi ile ile. Anayekuja baadaye, picha zikiwa tayari, hapati punguzo hilo, na hili liwemo kwenye makubaliano. Bila kifungu hicho, msanifu atamgawia mkandarasi picha zako kwa nia njema kabisa, nawe utaziona kwenye bango la barabarani.

Bajeti ya mteja ikiwa ndogo, punguza idadi ya picha au muda wa leseni. Kazi ile ile ukiishusha bei, mradi unaofuata utaanzia hapo hapo.

Malipo ya awali nachukua nusu, tarehe haifungwi bila hiyo. Kuahirisha kwa ajili ya hali ya hewa simtozi mtu. Lakini siku moja kabla naomba nitumiwe picha za simu kutoka kwenye jengo: jukwaa la mafundi limeondolewa, vioo vimesafishwa, taa zote zinawaka. Wakithibitisha kisha nikakuta mafundi bado wanapaka rangi, ziara ya pili inalipiwa, na kiasi chake kimeshaandikwa kwenye mkataba.