Unataka kuwa daktari wa mifugo na wewe ni mkimbizi hapa Uganda? Anza ukiwa senior one (mwaka wa kwanza wa sekondari)

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Juru, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alinitumia voisi ya dakika sita WhatsApp. Yuko senior two, Mkongomani kama mimi, anasema yaya (yaani mkubwa wangu) mimi nataka nikuwe daktari wa ng'ombe kama wewe, ila watu wananiambia hiyo ni kazi ya wenyeji, sisi wageni tutaishia kufungua kisaluni pale Base Camp kambini. Nilimjibu, lakini usiku nikakaa nikafikiria vitu vyote ambavyo mimi hakuna mtu aliniambia nikiwa darasa lake, nikaona afadhali niviandike hapa manake najua hayuko peke yake.

Mimi natoka Masisi, mashariki ya Congo. Kwetu ng'ombe ndio maisha, hata jibini ile inauzwa Goma inatoka kwenye vilima vyetu. Tulivuka mpaka wa Bunagana 2012 nikiwa nimeshamaliza primaire, naingia sekondari, lakini kufika hapa nikarudishwa P6, darasa la sita la msingi, kwa sababu sikujua Kiingereza. Nilikuwa mrefu kuliko wote darasani. Sasa hivi niko mwaka wa nne Makerere, kozi ya udaktari wa mifugo ambayo ni miaka mitano, kwa hiyo naongea vitu nimepitia mwenyewe.

Naanza na karatasi, najua unataka nianze na ng'ombe, subiri. Karatasi ndio zinaua ndoto nyingi za watoto wetu. Mimi nilipoandikishwa mtihani wa P7, mwalimu aliandika jina nilivyolitamka, herufi moja ikaruka na jina la papa, yaani baba yangu, likatangulia mbele. Hakuna aliyeangalia. Miaka yote ya sekondari nimebeba jina hilo, halafu siku naomba skolashipu naambiwa jina la kwenye atestesheni ya familia (karatasi ya kutuandikisha ukimbizi) na la kwenye vyeti vya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, hayafanani, thibitisha ni wewe. Nilizunguka na viapo vya wakili miezi, natoa hela ya boda ambayo mama aliitafuta kwa kulima mashamba ya watu. Kwa hiyo kabla hawajakuandikisha kwa mtihani wa S4 (senior four), nenda na atestesheni yako mkononi, mwambie mwalimu kwa heshima, tafadhali mwalimu tuangalie pamoja, msome herufi moja moja. Na kama ulikuja na buletini (ripoti ya shule) au cheti cha Congo unataka kuingia nayo S1 au S5, jua kwamba UNEB ndio wanalinganisha matokeo ya nje, na cheti cha Kifaransa kinahitaji tafsiri ya Kiingereza, sasa hiyo kitu usiianze wiki ya kufungua shule.

Kuhusu umri pia, tafadhali wazazi mnisikie. Skolashipu ya DAFI, ile ya UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, iliyoanza 1992 na inasomesha wakimbizi chuo, ina kikomo cha umri. Ukirudishwa madarasa mawili, ukakaa nyumbani mwaka mmoja kwa kukosa ada, halafu ukarudia S4, hiyo miaka inahesabika. Mtoto akifika na anajua hesabu na sayansi kwa Kifaransa, ombeni shule impe mtihani kabla ya kumrudisha chini sana, Kiingereza kinakuja haraka ukiwa unakisikia kila siku.

Sasa kemia. Watoto wengi wanaopenda wanyama wanapenda baiolojia, wanaichora vizuri, kemia wanaikimbia. Mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka senior three. Lakini angalia chuo kinavyohesabu, kwa utaratibu niliopitia mimi: matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yana pointi, A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, halafu masomo mawili ya msingi ya kozi yanazidishwa mara tatu. Kwa udaktari wa mifugo hayo mawili ni baiolojia na kemia. Yaani ukipata A ya baiolojia una 18, lakini kemia ukipata E una 6 tu, na yule wa pembeni yako mwenye B na B ana 30 wewe una 24, amekuacha mbali na baiolojia yako nzuri. Sa ndio maana nakwambia kemia usiilalie. Ukifika S5 chagua kombinesheni yenye hayo mawili, PCB (fizikia, kemia, baiolojia), BCM (baiolojia, kemia, hesabu), au BCA (baiolojia, kemia, agriculture) kama shule yenu wanayo, na uulize mapema manake shule nyingi za karibu na kambi hazina sayansi A-level (S5 na S6) kabisa na itabidi utafute bodingi.

Mtaala huu mpya wa O-level (S1 mpaka S4) ulioanza 2020 mimi sikuusoma ila naona una faida kwenu. Fizikia, kemia na baiolojia bado ni lazima mpaka S4 kwa hiyo usimsikilize mwalimu wa kukuambia wewe wa Kifaransa nenda arts, kama nilivyoambiwa mimi. Kiswahili ni lazima S1 na S2, hapo sisi tunapumua kidogo. Na kazi za darasani na projekti zinachangia asilimia 20 ya matokeo, fanya projekti yako ya kuku, ya mbuzi, ya kupe, chochote kinachopumua.

Lugha ya sayansi ndio ilinitesa. Nilikuwa najua cellule (seli), najua foie (ini), mwalimu akisema liver naangalia dirishani. Nikanunua daftari la kurasa 96, nikachora mistari ya safu nne: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, Kinyankole. Safu ya nne wenzangu waliona ni ujinga lakini ndiyo imenisaidia kuliko zote, manake mfugaji wa Isingiro, wilaya yenye kambi yetu, hakuelezi ugonjwa wa ente (ng'ombe) yake kwa Kiingereza, anakueleza kwa Kinyankole na kwa mikono. Jifunze lugha ya mwenye ng'ombe. Mwenyeji akisikia mtoto wa kambini anamsalimia vizuri na anauliza amate (maziwa) yanatoka kiasi gani siku hizi, anafungua kraal, zizi lake.

Na hapo ndio tunafika kwenye mambo yenyewe. Machi 2020 shule zilifungwa kwa korona nikiwa S6. Jirani na zoni yetu kulikuwa na mzee mmoja, sio daktari, ni msaidizi wa afya ya wanyama mwenye cheti, wote wanamwita musawo, yaani daktari. Nikamwendea nikamwambia mzee mimi nitakubebea begi, sitaki hela. Siku ya tatu tukaitwa kwa ndama wa miezi kama minne, amelala, masikio yameshuka. Mzee hakusema kitu, alishika mkono wangu akauweka chini ya sikio la ndama, akabonyeza. Kulikuwa na tezi imevimba, ngumu, inateleza chini ya ngozi, ukubwa wa limao. Kisha akanipa kipimajoto, nikasoma 41, wakati ng'ombe mzima yuko karibu na 38.5. Akageuza sikio ndani, kupe wa rangi ya kahawia wamejipanga kama punje za mtama. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Akapiga sindano ya buparvakwoni, dawa yake, akamwambia mama mwenye ndama, umetuita mapema, huyu ana nafasi, akishaanza kutoa povu puani usiniite mimi, ita mwenye nyama. Ndama yule alisimama siku ya nne. Mimi tangu siku ile kila nikisoma habari ya tezi kwenye kitabu vidole vyangu vinakumbuka.

Mzee huyo pia alinionyesha kwa nini kupe hawafi siku hizi, watu wanachanganya dawa mbili tatu kwenye pampu moja, wanapunguza kipimo kuokoa hela, kupe wanazoea. Na ile karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikija Isingiro, masoko ya ng'ombe yanafungwa, ndio unaelewa daktari wa mifugo anashika ada za watoto wa watu.

Lakini mdogo wangu, mipaka. Usipige sindano mwenyewe, hujasoma hiyo. Usiingize mkono kusaidia ng'ombe kuzaa bila glavu, na maziwa chemsha, bruselosi, ugonjwa wa kutoka kwa mifugo, inakaa mwilini mwa mtu muda mrefu sana. Mbwa asiyejulikana usimshike, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna kupona. Na ng'ombe akifa ghafla damu inatoka puani na kwingine haigandi, msimpasue, msile, iteni wakubwa wamwite daktari wa wilaya, hiyo inaweza kuwa kimeta. Najua nyama ni nyama na njaa ipo, lakini hapana.

Kama unafikiri huwezi kuanza ukiwa mtoto, msome Dokta Gladys Kalema-Zikusoka. Akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Kibuli, Kampala, alifufua klabu ya wanyamapori ya shule. Baadaye akawa daktari wa kwanza wa wanyama wa mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na 1996 ndio akakuta sokwe (gorila) wa msitu wa Bwindi wana upele ulioonekana kutoka kwa watu, na 2003 akaanzisha shirika linalotibu hiyo shida pande zote mbili, watu na sokwe. Klabu ya shule haihitaji hela, inahitaji watu watano na mwalimu mmoja mwenye moyo.

Hela, kwa kifupi. Nafasi za serikali ni za raia. Sisi tunaangalia DAFI na ile ya Mastercard Foundation pale Makerere, zote zinataka alama nzuri na karatasi safi, ndio maana nilianza na karatasi. Ukikosa pointi za digrii usilie, Bukalasa kule Luweero kuna diploma ya mambo ya wanyama, na watu wametoka diploma wakapanda digrii.

Papa yangu aliniuliza siku moja, ng'ombe zenyewe hatuna tena, utatibu za nani? Sikuwa na jibu. Mwaka jana nikiwa likizo alinipigia usiku, jirani mbuzi wake anaharisha na pua zinatoka uchafu, wewe unasemaje? Nikamuuliza maswali, akawa anayapeleka kwa jirani na kurudi na majibu, simu ikawa moto.

Huyu dogo wa Juru nimempatia namba ya musawo wa upande wao, wameongea. Jumamosi saa moja asubuhi anatakiwa awe kwenye kraal, siku ya kunyunyizia kupe. Nimemwambia aazime gambuti za kaka yake na asisahau daftari.