Beji iliyowaka chini ya taa

Mwanangu,

Picha ya ile beji ya rubani wa RAF, jeshi la anga la Uingereza, uliyoonyeshwa huko Nairobi nimeipata. Unauliza: nyuzi zake zimewaka samawati chini ya taa ya kukagulia noti, je, ni bandia? Ngoja kwanza. Mbona umepiga uso tu? Beji husomwa mgongo.

Ni kweli uzi mpya huwaka. Hutiwa dawa ya kung'arisha weupe, na dawa hizo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini sabuni za unga nazo zina dawa hiyo hiyo. Beji ya 1942 ikifuliwa leo mara moja tu, huwaka kama ya jana. Si unaikumbuka ile ya kwenye kopo la vifungo la babu yako, ya siku alizokuwa akiwashonea marubani wa zile ndege za Catalina za Kipevu, hapa Mombasa? Bibi yako aliiona imeingia manjano, akailoweka kwa sabuni ya unga usiku kucha, akaianika juani. Alifanya kwa mapenzi, najua. Lakini hadi leo nikiishika roho inaniuma. Kitambaa cheusi kimerudi, bawa la kushoto limejikunja, na rangi ya kahawia ya shada la majani linalozunguka herufi RAF imevujia ile F. Mwenye taa yeyote ataiita bandia, na ilhali haikuwahi kutoka nyumbani kwetu.

Basi taa haina maana? Hapana, inayo. Isipowaka ni dalili njema. Ikiwaka, bado hujajua kitu. Tena hata hiyo dalili njema ina wezi wake: wapo wanaochovya beji mpya kwenye chai ya rangi ili ionekane kuukuu. Chai huingia kote, mbele na nyuma. Jua hupausha uso tu, nyuma rangi ikabaki imekolea. Unaona? Tumerudi kule kule mgongoni.

Taji lililo juu ya herufi hizo nalo lisikudanganye. Zamani ilitosha kusema lenye kichwa cha mviringo ni la mfalme, na lililobonyea katikati ni la enzi ya malkia iliyoanza 1952. Mwaka 2022 Mfalme Charles alichagua tena lile la mviringo, kwa hiyo leo linatarizwa upya, na muuzaji atakuapia ni la vita.

Igeuze. Beji hiyo huvaliwa juu ya mfuko wa kushoto wa koti, kwa hiyo iliyofumuliwa huacha vitundu vya sindano pembezoni, pengine na vipande vya uzi. Isiyowahi kushonwa haitakuwa navyo, na si kosa lake. Ukikuta nyuma ngozi ya plastiki inayong'aa, ile ya kubandikia kwa pasi, mrudishie mwenyewe. Kama hakuna, mwombe nusu sentimita ya uzi unaoning'inia nyuma, kamwe usiguse mbele. Ushike kwa kikoleo, uuwashe. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, hariri hunuka nywele, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Hakikisha tu ni uzi wa tarizi wenyewe, maana fundi anaweza kuwa ameirudishia baadaye kwa uzi wa dukani.

Ukiinunua, usiifue, usiipige pasi, usiitie kwenye mfuko wa plastiki. Ukija nayo huku Mombasa itafanya ukungu ndani ya wiki chache. Ifunge kwa kitambaa cha pamba kisicho na rangi, ilaze bapa, uweke kando vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Ulitaka neno moja tu, ya kweli au bandia, na ulimi unaniwasha. Lile shada limetariziwa na mkono unaojua kazi, na weupe wa mabawa umepauka vile ninavyopenda kuona. Lakini sisemi. Nipigie mgongo wake, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, na rula pembeni.

Babako