Re: MTB (baiskeli ya milimani) ya shokapu mbele na nyuma, stika zimebanduka, ni ya kampuni gani na mwaka gani?

Mkuu usianze na rangi, hiyo hupakwa upya. Pindua baiskeli usome namba chini ya fremu pale ekseli ya pedeli inapopita, sugua uchafu kwanza. Kama vifaa (gia, mikono ya pedeli) ni vya zamani vya kampuni ya Shimano cheki nyuma ya mkono wa pedeli utaona herufi mbili ndogo zimegongwa, ya kwanza mwaka ya pili mwezi, A ni 1976 unahesabu mpaka Z 2001, kwa hiyo SF ni Juni 1994. Linganisha na herufi za kibadilisha gia, zikipishana sana kuna kitu kimebadilishwa. Halafu cheki kiungo cha shokapu ya nyuma (pale fremu inapokunjika), kikiwa mbele kidogo ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwenye bomba la fremu linalopita kando ya cheni, huo ni mtindo wa mbunifu Horst Leitner, baiskeli za FSR za kampuni ya Specialized wanao ila si wao tu. Tupia picha ya upande wa cheni.