Skana ya zamani inawaka taa, Linux haiioni

Mdogo wangu wa Lindi, pole. Umesema Canon LiDE 20 yako inawaka taa lakini Debian, toleo la Linux unalotumia, haiioni, na fundi kakwambia ununue mpya. Usinunue bado.

Geuza skana, tazama kitufe cha kufuli chini yake. Kikiwa kimefungwa haisogei hata ufanye nini. Halafu ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, maana inakula umeme wa USB yenyewe. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika lsusb ikuorodheshee vifaa vya USB. Ukiona 04a9:220d, namba ya utambulisho ya skana hii, kompyuta imeiona. Usipoiona, badilisha waya kwanza. Hapa Mtwara nimeshaona waya ulioliwa na kutu, chumvi ya baharini hii haina adabu.

Sasa weka sane-utils, kifurushi cha zana za SANE (mfumo wa Linux wa kuendesha skana), kisha andika scanimage -L iitafute skana. Ikijibu kwa sudo tu (neno la kuendesha amri kama msimamizi), bila sudo ikanyamaza, shida ni ruhusa: sudo adduser jina_lako scanner, utoke kwenye akaunti na kuingia upya. Wengi wanasahau hatua hiyo ya kutoka, wanaishia kulaumu skana. Dereva yake, plustek, imo ndani ya SANE tayari, hakuna cha kupakua pembeni.

Ikikataa, bandika hapa majibu ya amri sane-find-scanner.